Bufuru la Kichwa na Amri ya Serikali

Katika dhuluma ambazo wanadamu wamepata kutendeana, iliyo ngumu kuliko zote kuiondoa ni ile inayodai kwamba haikutendwa na mtu yeyote, bali ilizaliwa pamoja na yule aliyedhulumiwa. Aliyenyang'anywa shamba aweza kumshitaki mnyang'anyi wake, na aliyefungiwa mlango wa shule aweza kuugonga mlango huo mpaka ufunguliwe. Lakini mtu anayeambiwa kwamba uzito wa ubongo wake, au umbo la pua yake, au damu aliyoirithi kwa babu zake ndiyo sababu ya kukosa kwake shamba na shule, hana wa kumshitaki ila maumbile, na maumbile hayahudhurii mahakamani. Imani hii, ya kwamba akili, tabia na cheo cha mtu, na cha taifa zima, vimekwisha kukadiriwa ndani ya mwili kabla mtu hajatia mguu duniani, ilivikwa joho la elimu katika karne ya 19, ikapewa viti katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, ikachapishwa katika majarida ya tiba yanayoheshimiwa, na matunda yake yameonekana katika sheria, katika vitambulisho na katika makaburi.

Wako wataalamu wanaoieleza historia hiyo kuwa ni historia ya makosa ya hesabu: vipimo vilikuwa vibovu, vikaja vilivyo bora, kosa likasahihishwa, na elimu ikaendelea na safari yake. Maelezo hayo yana kweli ndani yake, lakini hayatoshi, kwa sababu makosa ya hesabu matupu yangaliangukia huku na huku, mara yakimpendelea mtawala, mara yakimpendelea mtawaliwa, ilhali haya yaliangukia upande mmoja takriban kila mara. Atakaye kuyafahamu na aziweke tarehe za vipimo kando ya tarehe za madai. Ataona kwamba mizani ya ubongo ililetwa aghalabu katika siku zile ambazo watu fulani walikuwa wamesimama mlangoni wakidai kitu, na kwamba jibu la kuwanyima lilikuwa limekwisha kutolewa kabla mizani haijatikisika.

Mfano ulio karibu na wasomaji wa lugha hii, na usiotajwa mara nyingi, ni wa Nairobi katika miaka ya 1930. Nyanda za juu za Kenya zilikuwa zimekwisha kugawiwa masetla wa Kizungu, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilikuwa imewawezesha kuishika ardhi hiyo kwa mikataba ya miaka 999. Chama cha Kikuyu Central Association kilikuwa kimempeleka Jomo Kenyatta London mwaka 1929, na tena mwaka 1931, kuyafikisha malalamiko ya watu wake. Wazazi wa Kikuyu waliotengana na wamisheni walikuwa wakijijengea shule kwa michango yao wenyewe. Na mwaka 1932 serikali ya Uingereza, ilipoona kwamba sauti ya malalamiko haizibiki tena, iliunda Tume ya Ardhi chini ya Sir Morris Carter. Basi katika miaka hiyo hiyo madaktari wawili wa Nairobi, H. L. Gordon, aliyekuwa tabibu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na F. W. Vint, daktari wa serikali wa kuchunguza maiti, walishughulika kutafuta ithibati kwamba ubongo wa Mwafrika ni pungufu.

Vint alipima ubongo wa wanaume 100 wa Kiafrika waliofia hospitalini, akapata wastani wa gramu 1,276, akaulinganisha na wastani wa gramu 1,428 uliotolewa kwa Wazungu, kisha akazitazama kwa hadubini tabaka za juu za ubongo huo na kusema kwamba ni nyembamba kuliko za Wazungu. Gordon alipima vichwa vya maelfu ya watu walio hai, akakadiria kwa kipimo cha nje nafasi iliyomo ndani ya bufuru, na akafikia hitimisho kwamba Mwafrika ana upungufu wa akili wa kuzaliwa nao, kwamba kumsomesha elimu ya Kizungu ni jambo la hatari, na kwamba huenda elimu hiyo ndiyo inayowatia wazimu baadhi ya wanaoipata. Mwaka 1933 madaktari na masetla wenye fikira hizo waliunda Nairobi chama cha kuchunguza namna ya kuuboresha uzao wa binadamu, na Gordon akaenda Uingereza kutafuta msaada wa uchunguzi mkubwa zaidi. Fedha zilizoombwa hazikutolewa, kwani wataalamu kadhaa wa huko huko Uingereza walizitilia shaka hoja zake hadharani, na insafu inatudai tuwape sifa yao kwa hilo. Lakini kunyimwa fedha hakukuzifuta zile tarakimu. Zilikuwa zimekwisha kuingia katika jarida la tiba lililosomwa na madaktari wa Afrika ya Mashariki, na setla aliyekuwa hataki shule ya Waafrika ijengwe karibu na shamba lake alikuwa sasa na neno la daktari mkononi.

Tuzitazame tarakimu zenyewe kwa makini, maana haifai kumshinda mtu kwa hasira pale anapoweza kushindwa kwa hesabu. Wastani wa Wazungu ulitoka katika vitabu, kwa mikono mingine, mizani nyingine na taratibu nyingine za kuhifadhi maiti, na ubongo ni kitu kinachobadilika uzito kwa namna unavyotolewa, kwa muda uliopita tangu kufa, na kwa maradhi aliyokufa nayo mtu. Wale 100 wa Nairobi walikuwa watu waliofia katika hospitali ya wenyeji, katika nchi ambayo utapiamlo na homa za muda mrefu vilikuwa maisha ya kila siku ya vibarua. Tena uzito wa ubongo hufuata ukubwa wa mwili, na mwenye mwili mdogo hana akili ndogo kwa ajili hiyo. Mwandishi wa Kirusi Ivan Turgenev alipokufa ubongo wake ulipimwa ukapita gramu 2,000. Wa Anatole France, Mfaransa aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1921, ulizidi gramu 1,000 kwa kidogo tu. Baina ya mabingwa hao wawili wa kalamu pana tofauti ya karibu gramu 1,000, na haikumzuia hata mmoja wao kuandika. Ilhali tofauti ya gramu 152, iliyopatikana kwa njia dhaifu namna ile, ilionekana yatosha kulihukumu bara zima. Vint na Gordon hawakuwa wajinga wa mambo haya, kwa kuwa udhaifu wa kupima akili kwa uzito ulikuwa umejadiliwa Ulaya tangu siku za Paul Broca katika karne ya 19. Hapa ndipo ninapoiona siasa: tahadhari ambayo mtaalamu angaliitumia kama jambo lenyewe lingewahusu watu wa ukoo wake, aliiweka kando lilipowahusu wengine.

Huko Marekani waliosimama mlangoni walikuwa wengine. Walikuwa Wataliano, Wapolandi na Wayahudi wa Urusi waliokuwa wakiteremka melini New York kwa mamia ya maelfu kila mwaka, na kadhalika maskini wa ndani ya nchi ambao majimbo yalichoka kuwalisha. Kipimo kilichotumiwa juu yao kilikuwa na asili njema. Alfred Binet alikitunga Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada zaidi darasani, na kabla ya kufa aliwalaumu waziwazi wale waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Kilipovuka bahari kilipewa kazi ambayo mtungaji wake aliikataa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari wapatao 1,750,000 wa Marekani walitahiniwa kwa mitihani ya namna hiyo, na maswali kadhaa yaliyomo yalihusu bidhaa za madukani na mambo ya starehe za Kimarekani ambayo mkulima aliyetoka Sicilia mwaka jana hakuwa na njia ya kuyajua. Carl Brigham wa Chuo Kikuu cha Princeton alizichukua alama zile mwaka 1923 na kuandika kwamba watu wa Ulaya ya kusini na mashariki wanaipunguza akili ya taifa, hali alama zenyewe zilionyesha kwamba mgeni aliyekaa Marekani miaka mingi alifanya vyema kuliko aliyefika juzi, jambo ambalo mtu asiye na haja ya siri angalilisoma mara moja kuwa ni ushahidi wa mazoea ya nchi.

Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoweka kwa kila taifa la Ulaya fungu dogo la wahamiaji, likihesabiwa kwa sensa ya mwaka 1890, kabla wale wasiotakiwa hawajaingia kwa wingi. Sisemi kwamba kitabu cha Brigham ndicho kilichoitunga sheria; hofu ya wageni na wivu wa kazi vilikuwako kabla yake, navyo ndivyo vilivyoisukuma. Kitabu kiliipa hofu hiyo lugha ya kusemea bila haya. Mwaka 1930 Brigham, na huo ni ungwana wa nadra, alikiri kwa maandishi kwamba ulinganisho wake wa mataifa haukuwa na msingi. Mtaalamu alirejea katika kweli baada ya miaka 7; sheria ya mafungu ilidumu hadi mwaka 1965, na katikati ya tarehe hizo mbili Wayahudi wengi wa Ulaya walioomba hifadhi wakimkimbia Hitler walikuta mlango umefungwa.

Mwaka 1927, katika kesi ya msichana wa Virginia aliyeitwa Carrie Buck, Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu serikali ya jimbo kumfunga uzazi kwa madai kwamba yeye, mama yake na mtoto wake walikuwa watu wa akili pungufu, kizazi baada ya kizazi. Mtoto huyo alikuwa mchanga ilipotolewa hukumu hiyo ya akili yake. Alipoingia shule alionekana kuwa mwanafunzi mzuri, akafa kwa maradhi akiwa na umri wa miaka 8. Wamarekani zaidi ya 60,000 walifungwa uzazi kwa sheria za namna hiyo. Ujerumani ilipotunga yake mwezi Julai 1933 ilikuwa na mifano ya kuifuata, na watu wapatao 400,000 walipasuliwa, na serikali ile ikatoka katika kufunga uzazi na kuingia katika kuua wagonjwa, na kutoka wagonjwa kuingia katika kuua mataifa. Mmoja wa walimu wakubwa wa elimu ile, Eugen Fischer, alijipatia jina kwa kupima watu wa damu mchanganyiko huko Rehoboth mwaka 1908, katika nchi ambayo leo ni Namibia, mara tu baada ya Wajerumani kuwaangamiza Waherero na Wanama. Na mabufuru yaliyochukuliwa Afrika ya Mashariki kwenda kupimwa Berlin yanahesabiwa kupita 1,000. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na wazao wake wametafuta kichwa chake katika makabati ya makumbusho ya huko bila kukipata.

Rwanda yastahili maneno ya polepole, kwa kuwa huko dhana ya mtu mmoja msafiri iliweza kuvuka miaka 130 bila kupotea njia. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari zake za kutafuta chimbuko la mto Nili, na ndani yake akakisia kwamba watawala wa falme za nchi za maziwa, kwa kuwa alizistaajabia falme hizo na hakuwadhania watu weusi kuwa waweza kuziasisi, walitoka kwa asili upande wa Ethiopia. Ushahidi alikuwa hana. Dhana ikapewa jina la Wahamu, ikaingia katika vitabu vya mafunzo, na C. G. Seligman mwaka 1930 akaiandika kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitika. Wabelgiji walioitawala Rwanda na Burundi baada ya Wajerumani walihitaji machifu wachache wa kutawalia kwa gharama ndogo, na dhana hiyo iliwaambia nani wa kuchagua: wakawaondoa machifu wa Kihutu, wakawaweka Watutsi, wakawapa nafasi nyingi zaidi katika shule ya Astrida, nao wapimaji wakazunguka kupima urefu wa watu, pua na vichwa. Uhutu na Ututsi vilikuwako kabla yao, tena havikukosa dhuluma ndani yake, lakini mtu na jamaa yake waliweza kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine kwa mali, kwa ndoa na kwa utumishi. Hesabu ya watu ya miaka ya 1933 na 1934, na vitambulisho vilivyofuata, viliigandisha hali hiyo juu ya karatasi, na karatasi ikarithiwa na watoto.

Lililo la kutisha ni jinsi waliodhulumiwa na dhana ile walivyoichukua ikiwa nzima na kuigeuza silaha. Ilani ya Wahutu ya mwaka 1957, iliyodai haki nyingi zilizokuwa za kweli, ilitaka pia kabila liendelee kuandikwa katika vitambulisho. Mwezi Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera, akihutubia mkutano huko Kabaya, aliwatishia Watutsi kwamba watarejeshwa Ethiopia kwa kupitia mto Nyabarongo: safari ambayo Speke aliwabunia, sasa irudiwe wakiwa maiti. Ilipofika Aprili 1994 vitambulisho vile vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani, na neno moja lililochapwa juu yake liliamua nani apite na nani auawe. Maiti ziliteremka Nyabarongo, zikaingia Akagera, zikafika Ziwa Viktoria, na watu wa kando ya ziwa upande wa Uganda walizitoa majini na kuzizika kwa maelfu. Waliouawa katika nchi nzima kwa muda wa siku mia moja hivi wanakadiriwa kuwa 800,000 au zaidi.

Baada ya mambo kama hayo ni rahisi mtu kutamani kwamba elimu ya urithi wa damu ingalikuwa uongo mtupu, na kwamba serikali iliyo njema ingeipiga marufuku. Serikali moja ilifanya hivyo. Katika Urusi ya Stalin, Trofim Lysenko aliahidi kwamba mimea yaweza kufunzwa tabia mpya kwa haraka na kuzirithisha mbegu zake, ahadi iliyoipendeza serikali yenye njaa ya ngano na yenye itikadi ya kubadili kila kitu. Na mwezi Agosti 1948 mafundisho ya jeni yakashutumiwa rasmi, wataalamu wake wakafukuzwa kazini. Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia kukusanya mbegu ili watu wasife njaa, alikuwa amekwisha kufa katika gereza la Saratov mwaka 1943, afya yake imeangamizwa kwa ukosefu wa chakula. Huko damu ilikanushwa kwa amri, kama ilivyotukuzwa kwa amri kwingine, na mazao ya mkulima hayakuongezeka kwa itikadi.

Urithi wa damu upo, na waweza kuchunguzwa kwa uadilifu. Ajabu ni kwamba mfano mmojawapo ulio bora kabisa ulitoka katika Kenya ile ile, na mwaka mmoja na mfano mwovu. Mwaka 1954 serikali ya Nairobi ilichapa kijitabu cha Dk. J. C. Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Carothers alikuwa ameiongoza hospitali ya Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limemtolea kitabu juu ya akili ya Mwafrika, ambamo aliufananisha mwenendo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, maelfu walikuwa kizuizini, na msitu ulikuwa umejaa watu waliokuwa wakisema kwa sauti moja na kwa miaka mingi kwamba wanataka ardhi yao. Kijitabu kile kiliyaeleza maasi hayo hasa kuwa ni ugonjwa wa nafsi zilizobabaika baina ya mila na maisha mapya. Tabibu huyo alishauri pia watu wakusanywe vijijini, na watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa. Anayehesabiwa kuwa mgonjwa hajadiliwi naye. Hutibiwa, na dawa huchaguliwa na mwingine.

Katika mwaka huo wa 1954 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea udaktari Oxford, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya selimundu. Alikuwa amechukua damu za watu wa pwani, wa nyanda za juu na wa kando ya Ziwa Viktoria, akaona kwamba chembe yenye umbo la mundu imeenea pwani na ziwani, na ni adimu mlimani. Hakuuliza ni kabila gani lililo bora. Aliuliza kwa nini jambo hili, lenye kuua watoto wanaolirithi kwa baba na mama pamoja, halijatoweka. Jibu alilipata kwa mbu: anayelirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo penye malaria urithi huo hudumu. Na kwa kuwa mbu hajui mipaka ya rangi, urithi huo huo umeonekana kwa Wagiriki wa kaskazini, kwa Waarabu wa mashariki ya Bara Arabu na kwa jamii kadhaa za India, ilhali Mkikuyu wa mlimani, wa nchi moja na Mluo wa ziwani, ana uchache wake. Elimu hiyo leo humsaidia muuguzi wa Mwanza au Kisumu kuokoa mtoto, na haikumhitaji mtu yeyote awe duni.

Iko hoja moja inayobaki, na wanaoitoa ni watu wa leo wenye adabu ya maneno: kwamba mabufuru ni upuuzi uliopita, lakini alama za mitihani ya akili hutofautiana baina ya mataifa, na huenda sababu yake ni jeni. Ushahidi wa kuitahini hoja hiyo umo Embu, katika eneo ambalo watu wake walihamishwa mwaka ule wa 1954. Watoto wa shule za huko walipewa mtihani wa mafumbo ya picha mwaka 1984, na wengine wa rika lile lile, mahali pale pale, wakapewa mtihani ule ule mwaka 1998. Alama zilipanda sana, kwa kiasi ambacho kama kingeonekana baina ya mataifa mawili, watetezi wa damu wangekitia katika vitabu vyao. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya ukoo mmoja, seuze ya wilaya. Waliofanya uchunguzi huo walipotafuta kilichobadilika, walitaja kisomo cha wazazi, idadi ya watoto nyumbani, chakula wanachokula na afya zao. Na kila kimoja katika hivyo hupangiwa fedha, au hunyimwa, katika bajeti ya serikali ya mwaka hata mwaka.